Oili Kama Chai ya Maziwa

4 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye magrisi? Huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unalalamika kabla sijainama.

Shamba kubwa ng'ambo ya mto linafungwa. Mwisho wa mwezi vyombo vyake vinapigwa mnada, na kuna trekta moja kuukuu, jekundu. Kukodi kunanila laki sita kila msimu. Misimu mitano ni milioni tatu, na sina hata skrubu. Nilikusomesha ufundi kwa jembe la mkono, leo unafufua matrekta ya wageni. Sikulaumu, nahesabu tu.

Njoo siku mbili, ulisikilize. Chumba chako nimekipiga chokaa. Ule ukuta wenye alama za vidole vyako vya oili nimeuacha.

Dada yako

13 Agosti

Shikamoo Dada,

Pole na mgongo. Mimi mzima, ila tajiri hatoi ruhusa mpaka mwaka uishe. Najua, hata mwaka jana nilisema hivyo.

Fika mapema, uguse injini. Ikiwa na joto, wameiwasha alfajiri ili isiwaaibishe mbele za watu. Mgonjwa hujulikana akiwa baridi. Kisha chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Geuka urudi nyumbani.

Mdogo wako

1 Septemba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima na unakula.

Nilifika dalali bado anapiga mswaki. Nikagusa injini: moto kama chungu.

"Mama, leo limeamka vizuri," akasema.

"Limeamka, au mmeliamsha?"

Nikachomoa kijiti. Chai ya maziwa, ilikosa sukari tu. Wajuzi wote wakarudi nyuma. Mimi nikanyoosha mkono. Milioni moja na laki mbili.

Dada yako

10 Septemba

Shikamoo Dada,

Sijui hata nikuulize hali vipi. Nilisema geuka. Wewe, unayerudisha sokoni nyanya moja iliyobonyea, umenunua injini iliyokunywa maji huku ukiiona? Liuze chuma chakavu kabla halijaota nyasi.

Mdogo wako

19 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nimepokea, na hasira pia. Afya ninayo.

Fundi wa sokoni alikuja na spana zake. Nikampa maji ya kunywa, nikamrudisha. Sikiliza hesabu. Zima lingefika milioni tatu, kwa hiyo nimebakiza milioni moja na laki nane. Gasketi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, haimalizi hata laki mbili. Fundi wake nilishamlipa zamani, ada ya chuo ya miaka mitatu.

Na zima ningelifanyia nini? Lingewaka, ungeandika "hongera Dada," na msimu wa tano ungepita sijauona uso wako. Hili, tangu mnada, haliwaki tena. Nimelifunika turubai chini ya dirisha la chumba chako.

Mvua haiko mbali. Nikikosa kulima mwaka huu, nimekosa. Sitakodi.

Dada yako

14 Oktoba

Shikamoo Dada,

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naomba ruhusa. Tajiri alikataa mara tatu. Ya nne sikuomba, nilimrudishia funguo za karakana.

Gasketi iko kwenye begi. Nafika Alhamisi, basi la jioni. Tafadhali, asije mtu akaliwasha ili kunifurahisha. Nataka nilikute baridi.

Mdogo wako