Nani Atamwekea Mama Dawa ya Macho?

Jumanne, 4 Machi
Jicho la Mama limefanyiwa operesheni. Salama! Daktari amesema matone mara nne kwa siku, mwezi mzima, bila kuruka. Jicho lile lingine ni ukungu mtupu, kwa hivyo hili likiharibika, basi tena.

Mkutano wa familia ukafanyika papo hapo kwenye parking ya hospitali. Mama hawezi kurudi Kabazi akae peke yake. Kaka yangu Khaemba, mwenye hardware kule Gilgil — kifungua mimba, mwenye sauti — akasema duka halijiendeshi. Dada yangu Nakhumicha akasema nyumba yao ya Kiamunyi ni ngazi tupu, Mama ataanguka. Halafu wote wawili wakaniangalia mimi, eti kwangu Langalanga ni karibu na hospitali.

Nikawauliza, mmesahau nina mume? Kwetu Wabukusu mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake. Hawashikani mikono, hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Na Owino ni Mjaluo, kwao ni vilevile! Miaka yote ya ndoa yetu Mama hajawahi kumtazama uso. Khaemba akasema ni wiki moja tu, kisha yeye atamchukua, kisha Nakhumicha. Na kwamba yeye kama kifungua mimba ameruhusu. Ameruhusu akitafuna mandazi!

Jumatano, 5 Machi
Owino anafanya zamu ya usiku kwa kiwanda cha unga, kwa hivyo usiku Mama analala kwa amani. Shida ni mchana. Leo mume wangu ameingia kwake kwa mlango wa jikoni, akikohoa ili asikike. Mama kusikia kikohozi akajifunga leso machoni, juu ya ile miwani nyeusi ya hospitali, akageukia ukuta. Na choo kiko katikati yao! Tumekubaliana anayetaka kwenda apige makofi.

Saa sita nilitoka salon mbio kuja kuweka dawa. Mteja wangu Chelagat nilimwacha kwa kiti, amesukwa nusu kichwa. Niliporudi alikuwa amenuna, na ana haki.

Ijumaa, 7 Machi
Leo salon ilijaa bi harusi na wasimamizi wake wote. Kutoka haikuwezekana. Nikampigia Nakhumicha — yuko kwa chama. Khaemba — yuko kwa site, atanipigia. Hadi sasa hajapiga. Ikabidi nimwamshe Owino kwa simu.

Akauliza: "Nasimiyu, unataka nimshike mama mkwe uso?"

Nikamwambia uso si lazima, jicho tu.

Nimefika jioni mbio. Dawa imewekwa! Nani ameweka? Owino hajui. Mama hakuona mtu. Nimembana Mama mpaka akasema: ukiwekewa dawa unaangalia juu, yeye aliangalia dari, na dari si mkwe. Na kuguswa je? Hajaguswa. Nikaenda jikoni nikakuta glavu zangu za kuoshea vyombo zimeanikwa kwa dirisha, na vyombo vichafu bado vimejaa kwa sinki. Sikuuliza tena.

Alhamisi, 13 Machi
Jirani yangu Wawira amenisimamisha kwa gate. Eti siku hizi siendi kazi? Kwa sababu anasikia nikiitwa mle ndani kutwa nzima. Nasimiyu, mwambie huyu ugali wake ni laini. Nasimiyu, mwambie Mama kesho nitasonga mgumu. Nasimiyu, mwambie huyu aongeze redio. Na mimi niko town nasuka watu! Hawaruhusiwi kuongea, kwa hivyo wanaongea na mimi ambaye sipo.

Nilicheka na Wawira mpaka tukashikana. Lakini nilipoingia ndani nikaona wivu kidogo, wacha niseme ukweli. Mwanamume huyo mimi nikimwongelesha hunijibu "mm".

Jumapili, 16 Machi
Zamu ya Khaemba ilipaswa kuanza Jumanne. Kwanza gari ni bovu, halafu stock imefika, leo simu imezimwa. Nakhumicha naye anasema zamu yake haiwezi kuanza kabla ya Khaemba kumaliza yake. Zamu ambayo haijaanza itamalizika lini? Nimejifungia chooni nikalia kwa hasira, mpaka nikasikia makofi nje ya mlango.

Mama hajauliza Khaemba yuko wapi. Ameuliza tu huyu anapika nini leo.

Jumamosi, 22 Machi
Clinic. Jicho linaona vizuri sana! Tukikaza dawa mpaka mwisho, na lile lingine litafanyiwa operesheni. Tulifurahi tukanunua samaki.

Jioni, simu ya Khaemba ikafufuka. Kanisani Kabazi wamejua Mama analala kwa mkwe. Ni aibu, watu wanaongea, kesho anakuja kumchukua. Ruhusa ya parking ameisahau! Nikamuuliza, na huko Gilgil nani atamwekea dawa? "Hiyo si kitu, tutapanga." Najua mipango ya Khaemba. Naogopa. Jicho hilo likipotea sitamsamehe, na mimi mwenyewe sitajisamehe.

Jumapili, 23 Machi
Khaemba amekuja na suti. Amekalia kiti cha Owino akahutubia: mila, jina la familia, watu watasema nini. Owino jikoni anaosha vyombo bila hata sahani kugonga nyingine. Mama na leso yake machoni.

Saa ya dawa ikafika. Mama akafungua leso, akainua miwani, akasema, "Wewe unayenichukua, niwekee."

Khaemba akashika chupa, akaminya. Tone la kwanza puani. La pili kwa suti. La tatu likaingia ndani kabisa, tukapumua — ndani ya jicho lile lingine!

Mama akajipangusa, akashusha miwani. Leso akaiacha kwa kochi. Akainuka, akaenda polepole mpaka mlango wa jikoni, akavua miwani. Akamtazama Owino usoni.

"Mama!" Khaemba akapiga kelele.

"Kumbe una mvi," Mama akasema. Akamwambia yeye mwenyewe!

Owino mdomo wazi, povu la sabuni likimtiririka hadi kwa viwiko. Nilidhani atatoroka kwa mlango wa nyuma. Halafu akajibu taratibu, macho chini: "Ni binti yako amenipatia, Mama."

Mama akacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afariki.

Sasa Khaemba yuko nje kwa gari, anapigia wazee simu kuuliza aibu hii inaoshwa kwa mbuzi wangapi. Dawa imewekwa, nimemsikia Mama akisema, "Hapo hapo." Mimi nimejifungia bedroom naandika, sijui nilie au nicheke. Khaemba anapiga honi, bado anataka kuondoka naye. Hakuna anayeinuka. Hao wawili jikoni wamemaliza mambo ya mvi, sasa wameingilia chai yangu — eti maji yamezidi maziwa.