Gitaa la Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa ufunguo! Ufunguo wa chumba cha kusikilizia. Shangazi aliuvua shingoni mwake akanivalisha mimi, akasema nisipoupoteza ndani ya wiki moja ataamini shule ya sauti haikwenda bure. Miezi miwili tu tangu nimalize, na nina ufunguo. Mama anadai niliupapasa mara kumi wakati wa chakula. Mara tano, labda.

Niandike kazi yenyewe hapa, maana nikiulizwa na watu nameza mate tu. Studio ya Shangazi inatengeneza upya ile albamu ya roki ambayo kila mtu anaiita Jalada Jekundu. Ina miaka hamsini. Kampuni ya muziki inataka matoleo mawili: stereo iliyosafishwa, spika mbili kama zamani, na toleo la sauti ya kukuzunguka – spika tatu mbele, mbili nyuma, na moja ya besi chini ya meza. Nyimbo tisa. Nane anazichanganya Shangazi. Wimbo wa saba ni wangu! Wangu!

Na aliyeirekodi albamu hiyo, kwenye jengo hilihili, ni Babu. Baba mzazi wa Shangazi na wa baba yangu. Shuleni sikumwambia mtu hata mmoja. Ningeanzia wapi?

Jumatano, 5 Machi

Bendi ina sheria yake tangu zamani. Hakitoki kitu mpaka Babu akisikilize peke yake, mwanzo hadi mwisho, halafu aandike neno moja juu ya boksi la mkanda kwa penseli ya bluu: Nimesikia. Na tarehe. Maboksi ya zamani nimeyaona kabatini. Mwandiko wake umeegemea nyuma, kama mtu aliyeshiba.

Stereo imekamilika, kwa hiyo leo nimemletea nakala. Anakaa nasi, chumba cha nyuma. Spika zake haruhusiwi kuzifungulia sana kwa sababu ya kichanga cha jirani, basi nikamwazima hedifoni zangu. Akazigeuzageuza. Hajavaa hedifoni tangu astaafu, amesema, na enzi zake zilikuwa nzito kama matofali.

Nikamgusia kidogo kuhusu toleo la kuzunguka. Weee! "Mama" – ananiita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake – "bendi inakaa mbele yako. Anayekaa nyuma yako ni mwizi."

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Babu amekuja studio mwenyewe, kofia mkononi, amekasirika. Gitaa limepotea. Albamu nzima! Kinanda kipo, ngoma zipo, mwimbaji yupo, gitaa hamna. Shangazi akaicheza kwenye spika – gitaa hilo, linalia. Babu akasema la kwenye spika analisikia, la kwenye nakala halipo, na yeye hawezi kuandika neno lake kwenye kitu nusu.

Kumbe mpiga gitaa alikuwa mlangoni. Wanamwita Kucha, kwa ule ukucha wa kidole gumba anaoufuga kama paka. Zamani hizo walikuwa wanakisukuma chombo kizima upande mmoja: kinanda chote kushoto, gitaa lote kulia. Kucha hajasamehe mpaka leo. Akasema miaka hamsini iliyopita Babu alimsogeza kulia mpaka karibu aangukie barabarani, na sasa amemtoa kabisa! Babu akamjibu kwamba angekuwa anafuata mapigo angewekwa katikati. Wazee hao! Shangazi akawapa chai ili vinywa vipate kazi nyingine.

Lakini si mzaha. Bendi inakuja Jumamosi ya tarehe 15, na siku hiyohiyo mtu wa kampuni anachukua mikanda. Bila neno la Babu, inarudi kabatini. Kucha amesema yeye ana miaka sabini na sita, hana muda wa kusubiri kabati.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya jambo. Sijui kama ni zuri.

Shangazi alitoa nakala ya pili, nikampelekea Babu. Akavaa hedifoni, akafumba macho. Akatikisa kichwa. Hamna. Nikazivaa mimi – gitaa lipo, linanikwaruza sikio la kulia kabisa!

Nikasema, Babu, ngoja nikukazie mkanda wa hedifoni. Nikamrudishia hedifoni zikiwa zimegeuzwa. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia.

Uso wake ukafunguka. "Huyu hapa! Kucha huyu, na haraka zake!" Akapiga goti kwa kiganja, akacheka. Halafu kicheko kikakatika. "Na kinanda? Mmekipeleka wapi kinanda?"

Niliangalia zulia.

Akazivua. Akatazama alama za kushoto na kulia. Akazigeuza mwenyewe, akavaa. Akageuza tena. Mara nne. Mwisho akaligusa sikio lake la kulia polepole, kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango uliofungwa kwa ndani.

Sasa yote yananijia. Simu anaiweka kushoto siku zote. Mezani anataka ukuta uwe kulia kwake. Mama akimwita kutoka upande wa jikoni haitiki, na sisi tulidhani ni ukaidi wa uzee!

"Usimwambie mtu, Mama."

Nikasema sawa.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi anahamisha sauti kutoka kwenye mkanda kwa mara ya tatu. Mikanda mikongwe hunata, inabidi kuipasha joto dogo siku nzima ndipo izunguke bila kuchubuka. Anafikiri aliipasha vibaya. Anafikiri masikio ya baba yake yamesikia kitu ambacho yake hayasikii – "Mzee hajawahi kukosea, hata mara moja." Macho yake mekundu.

Jioni nikaenda chumba cha nyuma, nikatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Sentensi kama sita. Kwamba Shangazi anajilaumu. Kwamba kwenye spika si anasikia kila kitu? Basi aandike tu, neno moja, yaishe.

Akanisikiliza, sikio zuri likinielekea. Akasema kwenye spika anasikia vyote, ila vyote vinatoka upande mmoja. Hawezi kuapa kipi kiko wapi. Na lile neno, siku zote alizoliandika, lilimaanisha masikio mawili. Akiliandika kwa moja atakuwa ameghushi.

Nilitoka nimekasirika. Nilipofika kitandani, hasira zilikuwa zimegeuka. Ni babu wa nani huyo? Wangu!

Alhamisi, 13 Machi

Wimbo wa saba umekwisha!! Acha niandike taratibu, mkono unakimbia.

Mkanda una njia nane, kila chombo na njia yake. Ya nane imeandikwa kwa penseli ya bluu: ngazi. Shangazi aliniambia niiache, ni mvumo tu, hata kwenye stereo ya zamani haikutumika. Nikaisikiliza peke yake. Mvumo, kweli. Lakini ndani ya mvumo kuna ngoma, ziko mbali, zimepoa. Kuna sauti ya mwimbaji inarudi kutoka juu. Ni bendi ileile ikisikika kutoka kwenye ngazi za jengo letu!

Nikaipeleka kwenye spika za nyuma. Hiyo tu, si chombo kingine chochote. Bendi ikabaki mbele, kama Babu anavyotaka. Nyuma hakuna mwizi. Nyuma kuna nyumba.

Chumba kikakua. Sijui kusema vingine. Kuta zilisogea.

Shangazi alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Alisubiri wimbo uishe. Kisha: "Acha hivyohivyo. Usiguse kitu." Akaenda, akarudi. "Hata mimi nisiguse."

Sitalala leo. Nimejivuna mpaka shingo inauma.

Jioni nilimwomba Babu aje Jumamosi. Si kuandika. Kusikiliza wimbo mmoja tu, wa mjukuu wake. Amesema atafikiria. Halafu nimemwona anapiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 15 Machi. Kwenye ngazi za studio

Naandika nimekaa orofa ya pili. Boksi la stereo liko magotini.

Walifika saa tatu asubuhi: wazee watatu wa bendi, Kucha mbele, na mtu wa kampuni akiangalia saa yake. Babu akaja nyuma yao na shati lake jeupe. Akaomba kiti cha katikati kiondolewe. Akasimama pale kilipokuwa.

Nikacheza wimbo wa saba.

Babu akaanza kugeuka. Taratibu, mahali palepale, akiielekezea kila spika sikio la kushoto, moja baada ya nyingine. Kucha akanong'ona, anacheza dansi huyu? Hakuna aliyecheka. Babu akatembea hadi spika ya nyuma, akainama. Akabaki ameinama.

"Hizi ni ngazi zangu."

Akatueleza: maikrofoni aliitundika orofa ya tatu kwa kamba za viatu vyake mwenyewe. Albamu nzima aliirekodi viatu vikimvuka! Halafu stereo ikawa na milango miwili tu, vyombo vikajaa, ngazi zikakosa pa kupita. "Miaka hamsini ziko kabatini. Nani amezitoa?"

Shangazi akaninyooshea kidevu. Niliangalia zulia, lakini nilikuwa natabasamu, najua.

Basi Babu akasimama wima, akasema mbele ya wote. Gitaa halikupotea. Binti yake hakukosea popote. Sikio lake la kulia limekufa, na yeye alikuwa analisingizia uchovu.

Shangazi akafunika mdomo. Kisha Kucha, polepole: "Kwa hiyo siku zote hizi ninapokutukana kutoka kulia..."

"Nilikuwa napumzika."

Lo! Kucha alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwenye boksi la toleo la kuzunguka Babu ameandika leo hii, baada ya kuzisikia nyimbo zote tisa, akizunguka kila spika kwa miguu yake. Nimesikia. Herufi zimeegemea nyuma. La stereo akasema hawezi: ile mtu haizunguki, huisikiliza amekaa katikati, kwa masikio mawili. Mtu wa kampuni akaanza kufunga mkoba. Babu akamwambia akae. Akaja kwangu, akaniwekea penseli ya bluu kiganjani.

"Mama, nenda kasikilize, peke yako, mwanzo hadi mwisho. Ukiridhika, andika."

Kucha akaruka. Huyu? Hata salamu yake hawajawahi kuisikia vizuri!

"Hakuja kusema," akasema Babu. "Alikuja kusikiliza."

Nimesikiliza. Nyimbo tisa, hedifoni zangu, mlango nimefunga kwa ufunguo wangu. Ni nzuri. Ni nzuri mno. Isipokuwa wimbo wa nne, ubeti wa pili. Gitaa linazama. Kidogo tu, kama mtu aliyepita nyuma ya pazia akatokea upande wa pili. Nimerudia mara tatu. Kwenye nakala ya kwanza halikuzama, hiyo nayo nimeijaribu. Ni uhamishaji wa Jumanne, Shangazi alikuwa amechoka.

Hakuna mwingine atakayesikia kuzama huko. Mtu wa kampuni ana gari linamsubiri. Shangazi hajalala vizuri wiki nzima. Na nikisema kwamba gitaa limepotea – mimi, tena gitaa! – Kucha ataniua.

Penseli imechongwa vizuri sana. Juu ya boksi bado ni peupe.

Kucha anaita kutoka juu, bado tu, binti? Sauti yake inashuka orofa nzima, inarudi, inashuka tena. Babu alijua pa kutundika maikrofoni.

Nimeiweka penseli nyuma ya sikio. La kulia. Napanda kusema: wimbo wa nne, ubeti wa pili.