Kubali Kwanza, Utajieleza Baadaye

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kusema na wewe bila hiyo. Na hizo adabu ulizotulea nazo ndizo zilizonifikisha hapa nilipo.

Tangu tukuzike, Mabatini imegeuka soko. Kila mtu ana kibanda, na asiye na kibanda ana meza. Jirani yetu Mama Ngusa, yule uliyempatanisha na mumewe mara tatu kwenye benchi lako, sasa anauza mitumba, na marobota anayafungulia mlangoni kwetu. Siku moja nikazisogeza nguo zake ili mama apite. Akaenda kunishtaki kwamba nimemwita mwizi mbele ya wateja. Baba, sikumwita mwizi. Nilisema tu, "Mama Ngusa, sasa sisi tupite wapi?"

Nikaitwa Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la kutumia lugha ya matusi. Hakimu, mzee wa rika lako, akanisomea shtaka akauliza, "Ni kweli au si kweli?" Nikapiga magoti palepale. "Ni kweli, mzee wangu, nimekosa, nisamehe." Watu wakacheka. Akaniambia nisimame, akanieleza upya, taratibu, akauliza tena. Nikakubali tena! Si wewe uliyekuwa ukisema, "Ukiitwa na wakubwa, kubali kwanza, utajieleza baadaye"? Kwenye benchi lako ilikuwa hivyo: mtu akishakubali, hasira zinashuka, anapewa maji ya kunywa, ndipo anaulizwa ilikuwaje. Basi nikasimama pale nikisubiri niulizwe ilikuwaje. Hakimu alikuwa anaandika.

Akaniachia kwa masharti. Mimi nikasikia kuachiwa tu. Mama akapika sato, shangazi akapiga vigelegele makusudi, Mama Ngusa asikie.

Halafu ikaja fomu ya chuo cha uuguzi, hicho ulichonihimiza tangu nikiwa darasa la saba. Ukurasa wa pili wanauliza: umewahi kutiwa hatiani? Nikaenda kwa karani wa mahakama, nikijua ataniambia niandike hapana. Akanitazama kwa huruma. "Binti, kuachiwa si kufutiwa. Ulikiri, ukatiwa hatiani, na imeandikwa. Sharti ni usitende kosa mwaka mzima. Ukitenda, utaadhibiwa na kwa hili la kwanza." Kosa dogo! Kila mtu ananiambia lilikuwa kosa dogo tu. Kama ni dogo, mbona linanifuata mpaka chuoni?

Niliandika ndiyo, nikaambatanisha maelezo. Wamejibu kwamba nafasi yangu ipo, mradi nisitiwe hatiani tena kabla ya masomo kuanza. Na juzi Mama Ngusa kanishtaki tena. Safari hii eti nimemwita mchawi. Kesi ni Alhamisi.

Nimekukasirikia, baba. Nakulilia na nakukasirikia kwa wakati mmoja, inachosha. Ulikuwa mpole mno, ukadhani dunia nzima ni benchi lako. Benchi lenyewe sasa Mama Ngusa anapangia viatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Mama anasema tukamwombe radhi yaishe. Radhi ya nini?

Alhamisi nitamwamkia hakimu kwa adabu zote ulizonipa, lakini magoti sipigi. Akiniuliza, nitajibu kwa maneno mawili, halafu nitaeleza ilikuwaje hata kabla sijapewa maji. Nikirudi nitalitoa benchi lako chini ya viatu vyake, nilirudishe ndani. Hilo nakuahidi, niwe nimeshinda au nimeshindwa.

Tatizo ni kwamba maneno hayo mawili sijawahi kumwambia mtu mzima, na kila nikijizoeza mbele ya kioo najikuta naomba radhi. Nimeona nianze na wewe, maana wewe hutanikatiza. Pumzika salama, baba yangu. Ulisema nikubali kwanza, nitajieleza baadaye.

Si kweli, baba.

Binti yako,
Kabula