Pikipiki Iliyotawanyika Nyumbani kwa Mama

Nyumbani kwa mama,
Jumapili jioni, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Wifi na wanangu hawajambo? Na ule mgongo wako, baridi ya huko imeuhurumia kidogo? Sisi ni wazima wa mwili, mioyo ndiyo bado. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Ile pikipiki yangu ya spoti nimeiuza. Cheka tu, wewe uliyeiita jeneza lenye breki. Sikuiuza kwa woga. Kila nilipoizima nje, mama, aliyeogopa nitavunjika shingo, aliita kutoka jikoni, "Shingo imerudi?" Nami nikamjibu, "Imerudi, mama, na kichwa chake." Tangu tumzike, kila nilipozima injini ilikuwa kimya. Siku moja nikajikuta nimejibu bila kuulizwa, nikalia palepale na helmeti kichwani kama mwehu.

Sasa naifufua pikipiki ya baba, ile uliyoifungua yote kabla ya kusafiri, ukaapa utaifunga ukirudi. Kuitafuta, kaka, ni kupekua nyumba nzima! Unamjua mama, kwake hakuna kitu cha kutupa. Cheni ilifunga banda la kuku. Duara la taa lilishika kioo chake cha kujitazamia. Springi ilivuta mlango wa jikoni. Nimeitoa, na mlango sasa unapigapiga siku nzima. Kila ninachobandua naona kama namtoa mama mwenyewe, na inaniuma sana.

Injini ilikuwa chini ya kitanda chake, imeviringishwa blanketi. Nilijua imeshakufa kwa kutu. Fundi wa kona ile alipoifungua akashangaa: "Hii nani alikuwa anaitunza?" Mimi sikujua. Mama mdogo ndiye aliyejibu. Kumbe kila mwezi mama alikuwa akimimina mafuta kwenye tundu la plagi na kuizungusha kwa mkono. "Dada alikuwa anasema, asije akarudi akaikuta imekufa, akadhani tumemsahau."

Uliniuliza kwenye simu kama mama aliondoka na kinyongo nawe, kwa miaka yote uliyokaa huko. Nilikukatia simu. Yeye hakuwahi kusema, na mimi nilikuwa na hasira kwa kuwa hukuja kumzika, sikufichi. Sasa jibu unalo. Hakuwa na kinyongo, kaka, alikuwa anakungoja.

Ijumaa tuliipiga kiki ikawaka. Moshi ukajaa uani, kuku wakakimbia, fundi akacheza kama bwana harusi. Nilifurahi, halafu nikaingia ndani nikalia.

Kila kitu kimerudi mahali pake isipokuwa kiti. Mama alikifunga juu ya kreti, akakiweka mlangoni, na ndipo alipokaa kila jioni akitazama njia. Kimebonyea pale alipokalia. Fundi amekuja na spana mara mbili, nimemfukuza. Kwa hiyo pikipiki iko uani, inawaka vizuri, na haina pa kukaa mtu. Hicho kiti njoo ukitoe wewe mwenyewe.

Mama mdogo anakusalimu, na fundi pia, anasema bado hujamrudishia bisibisi yake. Wabusu wanangu, mwambie wifi nimemkumbuka.

Mungu akutunze huko, na akurudishe nyumbani na shingo yako.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Kifaranga.