Baba, Kidole Chako Bado Kimo Kitabuni

Baba yangu mpendwa,

Leo nimemfukuza mtu nyumbani mwangu kwa ajili yako. Wala hana miguu, maskini. Yumo ndani ya simu ya mjukuu wangu Zaina, na kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti. Amekaa nami tangu mvua zianze. Macho yangu yameingia ukungu, baba, hata tundu la sindano silioni tena, na Zaina alipoona nashinda nimeukodolea macho ukuta akaniambia, "Bibi, siku hizi vitabu vinasikilizwa. Unabonyeza tu." Nikabonyeza. Yaliyonipata baada ya hapo ndiyo namwambia Zaina akuandikie, maana sina mwingine wa kumlilia.

Unalikumbuka baraza letu hapa Rumonge, kwenye barabara ya Nyanza-Lac. Vyerehani vinne, mafundi wanne, lakini mlio ulikuwa wa vitatu. Cha kwako kilinyamaza. Watu wapya mjini walikuona umekaa na miwani yako, mguu juu ya mguu, ukisoma wakati wenzio wanatoka jasho, wakasema fundi yule mvivu. Hawakujua kwamba ndiyo yalikuwa mapatano yenu. Mmoja anasoma, watatu wanashona, na kazi ya msomaji wanagawana wale watatu bila kinyongo. Feruzi, rafiki yako, alikuwa akisema bora ashone suruali mbili akisikiliza kuliko moja akisikia mlio wa cherehani peke yake. Mimi nilikuwa mkekani na kopo langu la vifungo, na jina ulilonipa lilikuwa Mama Vifungo.

Na kabla ya kugeuza ukurasa uliuliza, "Muko?" Nasi sote tukajibu, "Tuko!" Asipojibu hata mmoja, hugeuzi. Ulisema fundi anaweza kukaa mbele yako huku akili imekwenda na sindano, na wewe huwezi kumsomea mtu ambaye hayupo. Siku moja Feruzi alikuwa amebana pini mdomoni, hawezi kujibu. Ukamngoja. Akazitoa moja moja, macho yamemtoka kwa hasira, ndipo akasema, "Tuko, muzee, tuko! Soma basi, utaniua!" Baraza zima likacheka mpaka mama akatoka ndani kuuliza kumeanguka nini.

Mwaka wa uhuru nilikuwa mdogo, lakini zile bendera nazikumbuka. Mlipewa kazi ya kuzishona, na ile ngoma ya katikati ikawatoa kamasi. Gazeti lilikuwa limefika kutoka Bujumbura, ukasimama ukawasomea jinsi bendera inavyotakiwa kuwa, rangi hii upande huu, ngoma hapa, mtama hapa. Maneno makavu kabisa, baba, ya kiserikali. Lakini uliyasoma taratibu, ukinyamaza kila baada ya rangi, mpaka Feruzi akafuta machozi kwa kitambaa chekundu cha serikali. Halafu akaishona ngoma juu chini. Mlivyocheka siku ile! Kwa akili yangu ya utoto nilidhani uhuru wenyewe umetoka kinywani mwako.

Nilikuja kuelewa kazi yako nilipokua. Mafundi wakiwa kwenye mguu wa suruali, mshono mrefu ulionyooka, ulisoma sentensi ndefu bila kupumua. Wakifika kwenye matundu ya vifungo ulikata maneno madogo madogo. Nahodha wa meli ulimpa sauti ya mkulima wa Bugarama anayebishania bei ya mihogo. Malkia alinena kama mama wa Gitaza muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, mikono kiunoni, "Unanunua ao unaangalia tu?" Na mahali pa hofu hukupandisha sauti kama wafanyavyo wengine. Uliishusha. Ukaishusha tena, mpaka miguu yote mitatu ikatoka kwenye kanyagio ili isikie. Mama alikuwa akilalamika kutoka mlangoni, "Idi itafika watu wako uchi juu ya vitabu vyako!" Lakini hakuondoka pale mlangoni.

Kile kitabu cha mwisho ulikiokoa kwa muuza karanga. Alikuwa akichana karatasi zake kufungia karanga, ukanyakua kilichobaki. Jalada halikuwepo, kurasa za mbele hazikuwepo, jina lake hatukulijua. Kilikuwa kisa cha Mwanaidi, mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa na meli, naye akatoka kumtafuta bandari hadi bandari akiwa na shati lake mkononi. Ulipotuanzishia ulisema mumewe alikuwa fundi cherehani, na shati lile alilishona mwenyewe, kwa hiyo Mwanaidi kila afikapo anawaonyesha mafundi mshono wake: mkono huu mnaujua? Nani kati yetu hangelia? Feruzi aliweka kazi chini akauliza mshono wenyewe ulikuwa wa namna gani, nawe ukamweleza.

Halafu ikaja ikiza, yale mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Kwanza walikuja waasi wenye mapanga, mji ukalia. Walipoondoka hao, yakaja malori ya serikali kuchukua watu, na mji ukaacha hata kulia. Baraza lilifungwa. Likafunguliwa tena kwa sababu watu walihitaji sanda, na sanda haingoji. Mlikuwa mkikata kitambaa cheupe, na Feruzi ndiye aliyekuambia, "Tusomee, muzee. Hii mikono haikati sawa." Ukaenda kukichukua kitabu.

Mwanaidi alikuwa amefika kwenye nyumba ya mwisho. Amebisha hodi. Ndani mtu anajikohoza, anavuta kandambili, anakuja kufungua. Ulikuwa umeishusha sauti mpaka chini kabisa, na mikasi yote imesimama, ndiyo maana lori tulilisikia mapema.

Yule aliyeshuka alisalimia vizuri. "Amahoro. Ni nani hapa anasomaka?"

Na Feruzi akajibu kwa kifua, baba. Akajibu kama mtu aliyeulizwa nani bora mjini. "Ni huyu, bwana. Rumonge yote hakuna anayesomaka kama yeye." Wale wengine wakatikisa kichwa, ndiyo, ni huyu. Walidhani wakubwa wa komini, serikali ya mji, wanatafuta msomaji! Barazani petu neno lile halikuwahi kuwa na maana nyingine isipokuwa sifa. Hata wewe, nilikuona, ulinyoosha kofia yako. Hatukujua bado kwamba siku zile kusoma kulikuwa kumegeuka kosa, na kwamba malori yale yalikuwa yakikusanya wenye elimu.

"Kuja kidogo. Utarudi saa hii."

Ukainuka. Kitabu hukukiweka chini. Ulitia kidole cha shahada katikati ya kurasa ili usipoteze mahali, ukatoka nacho hivyo hivyo, kama mtu anayejua atarudi kabla kiti hakijapoa. Ulipopandishwa na ukaona waliomo ndani, ndipo ulipogeuka. Hukupiga kelele. Ukauliza kwa sauti yako ya kila siku, kama ukurasa umefika mwisho, "Muko?"

Hakuna aliyejibu. Barabara nzima, baba, na milango yote ile, na watu nyuma ya milango. Mimi kinywa kilikuwa wazi tayari, lakini kiganja cha mama kilikuwa juu yake, kinanuka mawese, kimenibana mpaka meno yakaingia kwenye mdomo. Lori likaondoka. Mama alifanya vizuri. Angeniachia nisingekuwa na mjukuu wa kukuandikia. Najua yote hayo, na hayajanisaidia hata siku moja.

Feruzi hakushona tena. Hata kifungo. Alikuwa akija kusimama mlangoni kwetu asubuhi na kusema, "Shemeji, mimi nilikuwa namusifu tu." Na mama kila mara, "Najua, Feruzi. Ingia ule." Mpaka tulipovuka ziwa kwa Kabonga kwenda Tanzania, na yeye akabaki.

Mama alifia huko kambini. Unajua aliniuliza nini karibu na mwisho? Hakuuliza kaburi lako liko wapi, hilo alikwishajua halina wa kulijibu. Aliniuliza, "Yule mwanamke alimpata mume wake?" Alikuwa akisikiliza siku zote pale mlangoni, yule mama wa kulalamika. Nikamwambia sijui. Ningeweza kumdanganya, lakini angesema huyo si baba yako anayesoma.

Sasa mwisho ule uko hapa, baba, ndani ya simu. Zaina nilimsimulia kisa cha Mwanaidi, akawauliza watu wake huko wanakoulizana, na siku ya pili akaja mbio: "Bibi, nimekipata! Kuna mtu anakisoma!" Nililia kabla hajabonyeza. Nilidhani nimekupata wewe.

Ni kijana, kwa sauti yake. Ameshiba, hana mafua, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nyuma yake kuna muziki, sijui kwa nini, kana kwamba maneno yanaona haya kutoka peke yake. Mwanaidi anamsomea kwa sauti nyembamba ya kubana pua, eti ndiyo mwanamke. Wewe hukumwigiza kamwe. Ulimsomea kwa sauti yako mwenyewe, ukipunguza mwendo tu, nasi tukamwona. Tena kijana huyu haulizi. Anapita kurasa moja baada ya nyingine, uwe umelala, uwe umekufa, yeye anasoma. Mara ya kwanza ukurasa ulipoonekana kwisha nilisema, "Tuko!" Zaina akacheka, halafu akaacha kucheka.

Na zile kurasa za mbele zilizoliwa na karanga, yeye anazo. Mume wa Mwanaidi hakuwa fundi. Alikuwa muuza chumvi! Shati ni shati tu, limenunuliwa dukani, hakuna mshono wowote wa kuonyesha mtu. Ulitutungia, baba. Uliwaangalia mafundi wako watatu ukaona wanataka nini, ukakitia ndani ya kitabu bila kupepesa macho. Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikicheka peke yangu. Nilicheka na kukutamani mpaka kifua kikauma.

Ningeishi naye kijana wa watu, kama angekuwa mbaya tu. Jirani mbaya mtu anamzoea. Lakini juzi nilikaa mkekani nikataka kukusikia, kama ninavyofanya tangu tulipovuka. Naanza na Mwanaidi bandarini, "Mkono huu mnaujua?" na wewe unaendelea. Safari hii aliyeendelea ni yeye. Nikaenda kwa nahodha, nikamkuta yeye. Nikaenda kwa malkia, mama wa Gitaza mwenye mikono kiunoni, naye ananena kwa pasi na muziki nyuma. Baba, amekufuta! Nilikubeba ng'ambo ya ziwa na kurudi bila picha, bila kaburi, sina chako ila sauti, na nimempa mgeni aikalie kwa mikono yangu mwenyewe kwa kuwa nilikuwa mpweke wa mvua moja.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Zaina akadhani ni moyo.

Kijana alikuwa amefika pale pale ulipoishia wewe. Mwanaidi amebisha hodi, ndani mtu anajikohoza. Asubuhi hii Zaina ameshika simu akaniuliza, "Bibi, nibonyeze? Dakika chache tu ujue mwisho." Mkono wake naujua kwa joto lake, ulikuwa karibu na wangu. Nikamfikiria mama. Nikafikiri labda anayefungua mlango ni yeye, muuza chumvi, mzee sasa, na labda ni mtu mwingine kabisa. Nimeutaka mwisho ule kuliko nilivyotaka kuona tena. Lakini huo ni mwisho wa muuza chumvi. Wa fundi unao wewe. Nani ajuaye ungeusomaje, ukituangalia sisi, na sanda zimetujaa mapajani?

Nikamwambia, "Kifute."

"Chote, bibi?"

"Chote. Na yeye aende."

Amekifuta. Nilitegemea kwamba akishatoka yeye, wewe utarudi. Nimekaa tangu asubuhi, jua limehama kutoka mlangoni mpaka dirishani, ndagala za jirani zimekauka na kugeuzwa, na hujarudi. Nakutafuta kwa nahodha, hakuna mtu. Nakutafuta kwenye bendera, naona rangi, sisikii kitu. Naogopa, baba. Nasema waziwazi, Zaina aandike hivyo hivyo: naogopa. Nimebakiwa na neno moja tu lako, na ni kwa sababu yeye hakulisema hata mara moja katika yote aliyonisomea. Lile la kwenye lori.

Basi nalijibu hilo. Hakuna kiganja juu ya kinywa changu leo, na barabara ikisikia isikie. Mama hayupo, Feruzi hayupo, siwezi kusema tuko.

Niko, baba. Niko. Toa kidole, ugeuze.

Binti yako wa mkekani,
Mama Vifungo