Mgongoni Kwako Nimo Mimi

Vienna, 2 Februari 1786

Mdogo wangu Apollonia,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi kwa baridi na kwa kufua nguo za mama mkwe. Kifua chako kinaendeleaje?

Nina haraka. Nitumie kitabu cha sonata ya marehemu baba, ile ya watu wawili kwenye piano moja. Machi mosi nitaipiga na binti wa Kontesa, bibi mmoja wa ukoo mkubwa hapa mjini. Wakiridhika, nitawafundisha mabinti zake wote watatu, na beseni la kufulia nitalipiga teke. Binti atakaa upande wako, wa sauti za chini. Ni sehemu rahisi, hata mtoto ataiweza.

Dadako,
Walburga

Linz, 8 Februari

Dada,

Shikamoo yako utaidai siku nyingine. Kifua kizima, kilichoumia ni kingine.

Rahisi! Basi nilichukua mkasi, nikate kurasa zako za kulia nikutumie, zangu za kushoto nibaki nazo. Nikakata karatasi ya kwanza. Kuigeuza, mgongoni kwako nimo mimi. Baba alivyobania karatasi, akiandika pande zote mbili, si unamjua? Nililia kwa hasira, mkasi nikautupa huko.

Sehemu yako nimeinakili, hii hapa. Yangu iandike kwa kichwa. Miaka kumi tumekaa benchi moja, kiwiko chako mbavuni mwangu. Huwezi kukosa kuikumbuka, kwa jinsi ilivyo rahisi.

Mdogo wako,
Apollonia

Vienna, 13 Februari

Wewe Apollonia,

Salamu nakupa, ingawa hustahili.

Siku mbili nimekaa kwenye piano ya jirani, nimekumbuka mistari yako miwili tu. Ule wimbo wa katikati, ambao watu walikuwa wakinipigia makofi, nimeupiga peke yangu na hauna kitu! Nilidhani utamu ule ni wangu.

Na balaa jingine: Kontesa anasema bintiye hakai chini ya mtu. Anataka sehemu ya juu. Kwa hiyo chini ni mimi, na sijui pa kuanzia. Nimekukosea, nakiri. Tuma kitabu.

Dadako,
Walburga

Vienna, 20 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Posta imekuja mara tatu nami nimesimama mlangoni. Leo dereva wa gari la posta kanicheka: “Mama, huyo bwana ameshaoa, nenda kalale!” Nilitamani kumrushia kiatu.

Mama mkwe kaniletea mashuka mengine. Umeniadhibu vya kutosha. Niandikie hata tusi.

Dadako,
Walburga

Linz, 20 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako ya tarehe 13 nimeisoma mpaka inachanika. Sikujibu kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika, halafu nikawa naishona ile karatasi irudi kitabuni. Imekaa upande, lakini inasomeka.

Sonata siitumi. Naileta mwenyewe kwa gari la posta la Alhamisi, Jumapili nitakuwa kwako, tutabaki na siku tatu. Mwambie mama mkwe mashuka yasubiri. Wewe utakaa chini nikufundishe. Juu nitakaa mimi. Miaka yote ile sijawahi kukaa huko, nataka nijue kulikuwa na raha gani.

Mbavu zako ziweke tayari.

Mdogo wako,
Apollonia