Ignace, Meli Tumeishusha Ukutani

Mwaka umetimia, Ignace, tangu uanguke mlangoni pa studio yako ya picha pale Rosettenville, funguo mkononi, ukatuachia uongo wako tuumalizie sisi. Wengine siku kama hii huandika kwa machozi. Sisi wa nyumbani kwako tunaandika kwa hasira, na kama hupendi, ungebaki uandike mwenyewe.

Misa yako itasomwa Jumamosi. Watu watakuja, watakula, watakusifu kwamba ulikuwa mwema, nasi hatutabisha. Mtu alipokuja kupiga picha ya karatasi za ukimbizi na hana kitu, ulimpiga bure, na kola ukamnyoosha kwa mkono wako. Watoto wa wateja uliwafuta kamasi kwa leso yako mwenyewe, kisha leso ukamletea mkeo Clémentine afue. Ulikuwa ukiwaambia, "Chekeni kwa macho, mdomo utafuata," na kweli walicheka, hata waliokuja na njaa. Leso zile Clémentine alizifua miaka yote na hakulalamika. Analalamikia meli.

Anayesoma na hajui, ajue leo. Mwezi wa Mei 2008, wageni walipokuwa wakipigwa na kuchomewa vibanda hapa Johannesburg, habari zilifika kwetu Uvira kabla sisi hatujapata pa kujificha. Mama Léocadie, mama mkweo, alimlilia binti yake kwenye simu, akawa hali ila kwa kulazimishwa. Ikakuuma. Sasa, studioni ulikuwa na pazia la kupigia picha wateja, refu, limechorwa meli nyeupe ya watalii, bahari ya buluu na mji wa mawe kwa nyuma. Julai ukalitundika, ukatupanga mbele yake, ukatuma picha Uvira: "Mama, usiogope. Tuko likizo na watoto, tunazunguka bahari ya Mediterania." Mama akala. Siku hiyo tulikushukuru, na tulikushukuru kwa moyo.

Ungeishia hapo, Ignace! Lakini mtaa mzima ulikwenda kwa Mama Léocadie kuiangalia ile picha, na sifa zikakulewesha. Mwaka uliofuata tukapelekwa Napoli. Mwaka wa Kombe la Dunia, dunia yote inakuja Johannesburg, sisi eti tuko Barcelona. Tena Julai, jamani! Baridi ya hapa imegandisha maji kwenye ndoo, na wewe unawavalisha wanao Glody na Chloé kaptura, unawanyunyizia maji kichwani waonekane wametoka kuogelea. Chloé akisema, "Papa, nasikia baridi," unamjibu, "Mediterania hakuna baridi, cheka." Kaka yako Évariste, mlinzi wa soko kule Newtown, ulimsimamisha na shati lake la kazi, lile lenye vitambaa mabegani, ukamwita kapteni. Glody alikohoa mpaka Septemba. Hizo ndizo kumbukumbu za likizo tulizo nazo.

Na hata hayo tungekusamehe. Watu wa Uvira walikuwa wakiangalia picha, wanafurahi, basi. Kisha mwaka 2011 baba yake Clémentine akafariki.

Mkeo hakuweza kwenda kuzika. Mwenye karatasi ya ukimbizi akirudi kwao, karatasi inakufa, na kurudi huku kwa watoto wake harudi tena. Alimweleza mama yake hayo yote kwenye simu, analia. Mama Léocadie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Napoli unafika, Uvira hufiki?" Akakata. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya binti yake, hata ya Krismasi.

Clémentine alikupigia magoti, Ignace. Unakumbuka, au huko uliko mnasahaulishwa? Alikwambia, "Papa Glody, nakuomba, mwambie Mama ukweli. Mwambie ni kitambaa."

Wewe ukatafuta kofia yako. "Nitamwambia mwenyewe. Nipe muda."

"Muda gani? Amefiwa na mume, anadhani mimi niko baharini nakula samaki!"

"Nikisema leo, Uvira nzima itanicheka."

Ukatoka. Muda ulioomba ukapewa, na Julai iliyofuata ukalitundika pazia tena. Clémentine alipokataa kusimama, ukawaambia watu wa Uvira kwamba Mama Glody yuko ndani amelala, bahari imemchafua tumbo. Mtu amefiwa na baba yake, wewe unamtapisha baharini! Kwa hilo tulikuchukia, na hatuoni haya kuliandika.

Ukafa hujasema. Tulipopeleka habari za msiba, jibu la mama mkweo lilitufikia kwa kinywa cha mtu: "Wamzike huko huko baharini kwao." Clémentine aliletewa maneno hayo akiwa amekaa sakafuni, kilemba cha kilio kichwani, watu wamejaa sebuleni. Alinyanyuka akaingia jikoni, akafunga mlango, akakutukana mpaka sauti ikakauka. Wageni walidhani anakulilia.

Basi Jumapili iliyopita tulikaa kuchagua picha ya tangazo hili, maana litabandikwa hapa na litabandikwa pia kwenye parokia kule Uvira. Clémentine hakuwa na haja na maua wala na kwaya. Alitaka jambo moja tu, mama yake apokee simu. Évariste akaja na ile ya Napoli, ameshakwenda kuikuza.

"Hii, shemeji. Ndugu yangu ametoka vizuri sana."

"Hiyo haiwekwi."

"Eish! Kwa nini isiwekwe?"

Clémentine akatoa ya kwake. Ni Chloé aliyeipiga kwa simu, wewe hujui. Umesimama juu ya kreti la bia, misumari mdomoni, nyundo mkononi, soksi yako imetoboka. Nusu ya bahari iko ukutani, nusu imejikunja sakafuni, na hita yetu ya mafuta imesimama pale pale chini ya meli.

Évariste aliruka kama aliyekalia moto. "Unataka kumvua nguo marehemu mbele ya watu?"

"Alianza yeye kutuvua sisi. Julai."

"Na mimi je? Uvira wananiita Kapteni! Mama yangu mwenyewe ananiita Kapteni! Mwanamke gani wewe usiye na haya?"

"Basi shuka melini, shemeji. Tumefika."

Alitoka akiubamiza mlango, akatuita wachawi mpaka kwenye roboti, zile taa za barabarani, majirani Wareno wanachungulia. Glody alitaka kumfuata, mama yake akamkalisha chini.

Clémentine hakungoja parokia. Aliituma picha ile ile kwenye simu ya Biubwa, jirani wa mama yake. "Mwonyeshe Mama," alimwandikia, "usimweleze kitu." Siku nzima hapakuja jibu. Alishona nguo ya mteja, akaifumua, akaishona tena. Kesho yake, tuko mezani, simu ikaita, namba ya Biubwa. Clémentine akaipokea.

"Hiki ni nini?" Sauti ilikuwa ya mama yake.

"Kitambaa, Mama."

"Na meli?"

"Imechorwa. Hatujawahi kupanda meli. Hata bahari ya nchi hii hatujaiona."

"Na siku tunamzika baba yako, ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, Mama. Nyuma ya studio. Nilikaa sakafuni."

Tukadhani amekata. Clémentine hakuishusha simu, alizidi kuibana sikioni, macho ameyafumba, na sisi hakuna aliyethubutu hata kusogeza kijiko.

"Ulikula?"

"Hapana, Mama."

"Na leo?"

Hapo mkeo alilia kilio ambacho wewe, samahani, hukukipata siku ya kuzikwa. Mama yake alimwacha alie. Kisha akasema, kwa ukali ule ule wake, "Nenda ule. Sikati."

Clémentine akala. Bugali imepoa, simu sikioni, anatafuna na machozi yanamwingia mdomoni, na Mama Léocadie kule Uvira amekaa anamsikiliza mpaka sahani ikaisha.

"Kitambaa, Mama." Hayo tu, Ignace. Yalikushinda nini? Mdomo uliowachekesha wenye njaa ulikuwa nao, simu ulikuwa nayo, na mama mwenyewe alikuwa anangoja tu aambiwe.

Pazia tumelishusha. Clémentine alishika kiberiti, kisha akakirudisha jikoni. Jumamosi litatandikwa uani na wageni watakaa juu yake kula, wenye viatu na wasio na viatu. Picha iliyo juu ya maneno haya ni ile ya Chloé, soksi na yote. Ndiyo picha pekee ambayo hukutuambia tucheke, na ndiyo pekee tuliyocheka wenyewe, tulipoitazama baada ya simu ile.

Wanaokukumbuka ni mkeo Clémentine. Mwanao Glody, ambaye hapendi kaptura. Binti yako Chloé, mpiga picha. Kaka yako Évariste, aliyerudi jana akiwa na mfuko wa mchele, akaomba tuandike kwamba yeye ni mlinzi. Na Mama Léocadie, ambaye ametaka jina lake liwe la mwisho, kwa sababu bado amekukasirikia.

Kukusahau? Kwa ulivyotutesa, Ignace, tutakusahau vipi.